Uvimbe wa mafuta chini ya ngozi: kuutambua, kuuandika na kuupa msimbo sahihi wa ICD-10

Uvimbe wa mafuta ni ugonjwa mdogo. Makaratasi yake ndiyo yanayosumbua. Mgonjwa anaingia kliniki ya upasuaji na kitu laini mgongoni, daktari anakibonyeza, anaandika neno moja kwenye faili, "lipoma", na kuita anayefuata. Baada ya hapo mtu wa kumbukumbu au karani wa madai ya bima anabaki na neno hilo moja na ICD-10, orodha ya Shirika la Afya Duniani inayoupa kila ugonjwa msimbo wake, ambamo uvimbe wa mafuta peke yake una misimbo tisa ya kuchagua. Akibahatisha, fomu inarudi. Fomu isiporudi, takwimu za hospitali zinasema kitu ambacho hakikutokea.

Mwongozo huu unawafaa watu wa pande zote mbili za dirisha: tabibu, daktari na muuguzi wanaouona uvimbe, na wanaouandikia msimbo. Mgonjwa naye akiusoma hatapotea, maana hatua za mwanzo zinamhusu yeye zaidi kuliko mtu yeyote. Msimamo wangu, na nimeushikilia miaka yote niliyokaa kwenye kumbukumbu hapa Mwanza, ni kwamba msimbo unaanzia kwenye vidole vya anayepima. Daktari akitaja mahali uvimbe ulipo, kina chake, na alichokitegemea kusema ni mafuta, kazi ya msimbo imekwisha. Asipotaja, hakuna kompyuta itakayomsaidia karani.

Hatua ya kwanza: Ujue uvimbe wenyewe

Lipoma ni mkusanyiko wa seli za mafuta zilizokomaa, za kawaida kabisa, zilizozungukwa na utando mwembamba. Hukaa kati ya ngozi na msuli. Ndiyo uvimbe usio wa saratani unaoonekana zaidi kuliko wote katika tishu laini za mwili. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, ingawa kijana naye anaweza kuwa nao, na hukua polepole kwa miaka. Wengi wana mmoja. Wengine wana kumi au ishirini mikononi na kiwiliwilini, na ukiwauliza utasikia baba au shangazi naye alikuwa nao, kwa sababu aina hiyo hutembea katika ukoo.

Hautokani na kula chipsi wala nyama ya mafuta. Mtu aliyekonda anaweza kuwa nao, na mnene akipungua kilo 15 uvimbe wake utabaki pale pale, tena utaonekana zaidi kwa sababu mafuta ya jirani yameondoka. Kwa hiyo zile chupa za "kuyeyusha mafuta" zinazouzwa minadani kwa kipaza sauti hazina cha kuyeyusha hapa. Kuuchanja kwa wembe ni kubaya zaidi: unaingiza vijidudu, unaacha kovu, na daktari atakayeupima baadaye atashindwa kujua ugumu anaougusa ni wa uvimbe au ni wa kovu.

Je, unageuka kuwa saratani? Hili ndilo swali la kwanza la kila mgonjwa. Lipoma ya kawaida kugeuka saratani ni jambo la nadra mno. Saratani ya tishu za mafuta, liposakoma, kwa kawaida huanza yenyewe tangu mwanzo. Hatari kubwa ni liposakoma kuitwa lipoma na kuachwa nyumbani miaka miwili, na hatua mbili zinazofuata zipo kwa ajili hiyo.

Hatua ya pili: Pima kwa vidole kabla ya kuandika

Chukua mbeba mizigo wa mwalo wa Kirumba, mwanamume wa miaka 47 ambaye tangu ujana wake anapakua magunia ya dagaa. Ana uvimbe juu ya bega la kulia. "Daktari, hiki kitu ninacho mwaka wa sita sasa. Hakiumi, ila gunia likikaa juu yake kinanikera." Andika sentensi hiyo kama alivyoisema. Itahitajika tena kwenye bima.

Mvue shati, upime ukiwa na futi ya kushonea au rula: sentimita 4 kwa 3. Gusa kwa mgongo wa mkono. Joto lake ni la ngozi nyingine. Tazama ngozi ya juu kwa mwanga wa dirishani. Haina wekundu, haina tundu jeusi katikati. Kisha weka kidole ukingoni mwa uvimbe na ubonyeze kidogo kuelekea katikati. Lipoma hukimbia. Ukingo unateleza chini ya kidole na kuchomoka upande wa pili, na ngozi haivutwi nao. Kwa kugusa ni laini, inabonyea bila kubaki na shimo, kama donge la chapati lililokwisha kupumzika.

Sasa pima kina, kipimo ambacho wengi hukiruka. Mwambie anyanyue mkono kando huku wewe ukiuzuia kwa kiganja chako, ili msuli wa bega ukaze. Uvimbe ulio chini ya ngozi tu utaendelea kuonekana na kuteleza. Uliozama ndani ya msuli au chini ya utando wake utakaza pamoja na msuli, utaacha kuteleza, au utafifia usiuone. Kwenye paja mwambie anyooshe goti. Tumboni, anyanyue kichwa akiwa amelala chali. Ni kipimo cha sekunde chache, hakina gharama, na ndicho kinachotenganisha D17.2 na D17.7, kama tutakavyoona.

Kisha jiulize kama si kitu kingine, kwa sababu Kanda ya Ziwa ina uvimbe wake wa kawaida ambao si mafuta.

Mtoto mwenye uvimbe wa taya unaokua kwa siku chache si mgonjwa wa kusubirishwa. Limfoma ya Burkitt, iliyoelezwa mwaka 1958 na daktari wa upasuaji Denis Burkitt alipokuwa akifanya kazi Uganda, huwapata zaidi watoto wa ukanda wenye malaria nyingi, na mwambao wa Ziwa Victoria umo ndani ya ukanda huo. Hukua haraka kuliko karibu saratani zote. Meno yanalegea, jicho linaweza kusukumwa nje, wakati mwingine tumbo linajaa. Hapo ni rufaa ya siku hiyo hiyo kwenda Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda hapa Mwanza. Msimbo wake ikithibitika ni C83.7.

Shingoni, tezi zilizovimba na kushikana, pengine na ngozi iliyoanza kutoboka, huwa ni kifua kikuu cha tezi: A18.2. Uvimbe wa mbele ya shingo unaopanda mgonjwa anapomeza mate ni goita, nayo iko kwenye E04. Kwenye kinena, mwambie akohoe. Uvimbe ukisukuma kidole chako ni ngiri, usiuguse kwa kisu cha upasuaji mdogo. Wenye tundu dogo katikati na ulioshikamana na ngozi ni sisti ya ngozi, L72. Wenye joto, maumivu na wekundu ni jipu, L02. Juu ya kifundo cha mkono, mgumu na wa mviringo, aghalabu ni ganglioni: M67.4.

Kuna mmoja unaowachanganya hata wazoefu, nao ni nundu ya mafuta chini ya ukosi, pale shingo inapokutana na mgongo. Kwa mtu aliyetumia steroidi muda mrefu, au dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI za kizazi cha zamani, hayo ni mafuta yaliyohama na kukusanyika. Hayana ukingo, hayatelezi, na hayana utando wa kuyatoa nayo mzima mzima. Yanaingia kwenye E88.1, au kwenye chanzo chake kama ni homoni za tezi ya adrenali. Kuyaita lipoma ni kumpeleka mgonjwa kwenye upasuaji usiomfaa.

Na mtoto mwenye uvimbe laini katikati ya mgongo wa chini, juu ya makalio, hasa kukiwa na nywele au kishimo juu yake, asikatwe na mtu yeyote kwenye kituo cha afya. Mafuta hayo yanaweza kuwa yameshikamana na uti wa mgongo. Mpeleke apigwe picha kwanza.

Hatua ya tatu: Alama zinazobadilisha safari ya mgonjwa

Uvimbe wa tishu laini wenye zaidi ya sentimita 5, unaokua, ulio chini ya utando wa msuli, unaouma, au uliorudi baada ya kutolewa, haumalizwi kwa vidole. Alama moja tu inatosha kuomba ultrasaundi, na ikibidi MRI, kabla ya kisu. Kumbuka kwamba aina moja ya lipoma yenye mishipa mingi ya damu, anjiolipoma, huuma bila kuwa saratani. Hata hivyo hutajua ni hiyo mpaka ipimwe.

Mgonjwa akitoka Nansio au Sengerema kuja mjini, mwambie tangu huko kwamba anakuja kwa picha kwanza, upasuaji baadaye. Wengi huja na nauli ya siku moja.

Uvimbe wa titi una sheria yake. Mama akija na donge laini ndani ya titi, usimpe jibu la lipoma kwa kugusa peke yake hata kama una uhakika wa moyoni. Picha kwanza, na sampuli pale picha inapoacha shaka. Mpaka hapo msimbo ni N63, donge la titi lisilobainishwa.

Hatua ya nne: Andika kwa namna itakayosomeka

Maelezo ya mbeba mizigo wetu yanatosha kuandikwa kwa mstari mmoja na nusu:

"Lipoma, juu ya bega la kulia, chini ya ngozi, sm 4 × 3, laini, inateleza, haikazi msuli ukikazwa. Miaka 6. Inakereka kwa kubeba mzigo. Utambuzi ni wa kliniki, itathibitishwa patholojia."

Mtu wa kumbukumbu akipokea mstari huo hana swali la kumrudishia daktari. Linganisha na "uvimbe, apelekwe upasuaji mdogo", ambao ndio ninaokutana nao mara nyingi zaidi. Kwenye huo wa pili, hata karani hodari wa namna gani hana ruhusa ya kuandika D17, kwa sababu daktari hakusema ni mafuta. Karani hatambui ugonjwa. Anatafsiri alichotambua mwingine.

Upande wa kushoto au kulia uandikwe kwa maneno daima. ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani haina nafasi ya kushoto na kulia kwenye D17, lakini chumba cha upasuaji kinaihitaji, na mkaguzi wa madai ataitafuta akiona mgonjwa mmoja ametolewa uvimbe mara mbili mwaka huo huo.

Hatua ya tano: Chagua msimbo

Familia nzima ya uvimbe wa mafuta usio wa saratani inakaa chini ya D17. Herufi na tarakimu mbili hizo hazitoshi. Lazima uongeze tarakimu ya mahali.

D17.0: ngozi na tishu za chini ya ngozi za kichwa, uso na shingo
D17.1: za kiwiliwili
D17.2: za mikono na miguu
D17.3: za sehemu nyingine, au ni za chini ya ngozi lakini mahali hapakutajwa
D17.4: viungo vya ndani ya kifua
D17.5: viungo vya ndani ya tumbo
D17.6: kamba ya korodani
D17.7: sehemu nyinginezo, pamoja na utando wa tumbo na nyuma yake
D17.9: mahali hapakutajwa kabisa

Kazi ya kila siku ni 0, 1 na 2. Nyingine utaziona mara chache, ila mbili zinahitaji neno. D17.6 hujitokeza kwenye upasuaji wa ngiri, daktari anapokuta mafuta yameambatana na kamba ya korodani. Mgonjwa alikuja kwa ngiri, hivyo K40 ndiyo inatangulia na D17.6 inafuata. D17.7 ndiyo mahali pa lipoma iliyozama ndani ya msuli, kwa kuwa si ya ngozi wala si ya tishu za chini ya ngozi. Mtu akisoma "paja" akakimbilia D17.2 bila kuangalia kina, amekosea msimbo na amemficha mgonjwa ambaye alipaswa kupigwa picha.

Kuhusu D17.9 nina neno kali kidogo. Uvimbe wa mafuta hauwezi kuwa hauna mahali. Mgonjwa alikuja nao mwilini. D17.9 kwenye fomu ya mgonjwa wa nje maana yake ni kwamba kuna mtu hakuuliza. Nikiona mwezi mmoja hospitali imejaza D17.9 nyingi, siangalii magonjwa, naangalia nani alikuwa zamu dirishani.

Sasa mipaka ya mwili, ambako mabishano hutokea. Bega ni la mkono: D17.2. Nyonga ni ya mguu: D17.2. Hili halitokani na mazoea ya ofisi. D22 na D23, za madoa na uvimbe mwingine wa ngozi, zinasema wazi kwamba mkono unajumuisha bega na mguu unajumuisha nyonga, na ni busara kufuata mgawanyo huo huo. Kwapa, kinena na matako vinahesabiwa kiwiliwilini: D17.1. Lipoma ya titi iliyothibitishwa nayo ni D17.1, wala si D24 ambayo watu huikimbilia kwa sababu ina neno titi. Ukosi ni shingo: D17.0. Juu ya bapa la bega, pale mkoba wa shule unapolala, ni mgongo, hivyo ni D17.1. Hapo daktari akiandika "bega" tu, mrudie umuulize alikuwa mbele, juu au nyuma. Swali la nusu dakika.

Mgonjwa mwenye uvimbe mingi: andika msimbo wa kila eneo. Uliotibiwa siku hiyo utangulie. Mwenye mitatu ya mkono na mmoja wa mgongo ana D17.2 na D17.1, basi, hurudii D17.2 mara tatu. Lakini kama uvimbe ni mingi na inauma, na daktari ameandika ugonjwa wa Dercum, toka kwenye D17 kabisa uende E88.2.

Mtego mkubwa kuliko yote uko kwenye simu yako. Ukitafuta msimbo wa lipoma kwenye intaneti, ukurasa wa kwanza utakupa D17.21, D17.22, D17.39 na mingine ya tarakimu mbili baada ya nukta. Hiyo ni ya Marekani. Wao walitengeneza toleo lao la ICD-10, lililoanza kutumika hospitalini kwao Oktoba 2015, na humo D17.21 ni mkono wa kulia, D17.22 wa kushoto, D17.23 mguu wa kulia, D17.24 wa kushoto. Ni mzuri kwa kazi yao. Mfumo unaosoma orodha ya Shirika la Afya Duniani hauujui msimbo huo, na utaukataa au utaukata tarakimu ya mwisho kimya kimya. Hivyo hivyo misimbo ya upasuaji ya Marekani, yenye tarakimu tano, haina kazi kwenye fomu zetu; bima ina orodha yake ya huduma na bei, na huduma ya kutoa uvimbe inachaguliwa humo, si kwenye ICD. Ipakue orodha ya Shirika la Afya Duniani mara moja, uihifadhi, uache kutafuta kila siku.

Kitabu cha MTUHA, kile cha taarifa za huduma za afya ambacho kila kituo hujaza, nacho kina orodha yake fupi ya magonjwa. Usijaribu kuilazimisha ifanane na D17. Jaza kila kimoja kwa kanuni yake. Na ICD-11, iliyoanza kutumika rasmi duniani tarehe 1 Januari 2022, inaiweka lipoma kwenye 2E80.0 na inaruhusu kuambatisha misimbo ya upande na mahali. Usiichanganye na ICD-10 kwenye fomu moja. Hospitali ikihama, itahama siku moja kwa madirisha yote.

Hatua ya sita: Pale ambapo hakuna uhakika

Daktari akiandika "uvimbe wa mgongo, chanzo bado", msimbo ni R22.2. Familia ya R22 ndiyo ya uvimbe usiojulikana: R22.0 kichwa, R22.1 shingo, R22.2 kiwiliwili, R22.3 mkono, R22.4 mguu. Hakuna aibu kuitumia. Ni msimbo wa kweli unaosema tumeona kitu na bado tunakitafuta. Angalizo: tezi zilizovimba haziingii R22, zina R59.

Kazi ngumu ni alama ya kuuliza. "?Lipoma." Kanuni ya Shirika la Afya Duniani inasema ugonjwa ulioandikwa kuwa wa kushukiwa, pasipokuwa na maelezo mengine wala njia ya kupata ufafanuzi, unapewa msimbo kana kwamba umethibitika. Wamarekani kwa wagonjwa wa nje wanafanya kinyume: wanaandika dalili tu. Ukisoma miongozo ya pande zote mbili kwa wakati mmoja utachanganyikiwa, kwa hiyo shika ya Shirika la Afya Duniani, kisha uisome vizuri: neno kubwa humo ni ufafanuzi. Kabla ya kuigeuza alama ya kuuliza kuwa jibu, panda ngazi ukamuulize aliyeiandika.

Kwa "?lipoma" kosa halitaleta msiba. Kwa "?liposakoma" litaleta. Kumbandika mtu C49, msimbo wa saratani ya tishu laini, kwenye faili kwa sababu daktari alikuwa na wasiwasi ni kumfanya mgonjwa wa saratani kabla ya maabara kusema. Hapo usiandike chochote mpaka daktari aseme kwa mdomo wake na kwa saini yake kwamba anaacha uvimbe usiojulikana, R22, au anao ushahidi wa kitu kingine. Kuna njia ya tatu, D48.1, lakini hiyo ni ya pale patholojia yenyewe imeangalia tishu na kusema tabia yake haitabiriki. Siyo ya daktari ambaye hajapata majibu.

Hatua ya saba: Madai ya bima

Madai ya uvimbe wa mafuta hurudishwa kwa sababu chache zinazojirudia. Msimbo haulingani na maelezo: fomu inasema D17.0 na daktari ameandika paja. Msimbo hauna tarakimu ya mwisho. Hakuna saini. Huduma iliyodaiwa ni ya upasuaji mkubwa ilhali maelezo ni ya uvimbe wa sentimita 2 uliotolewa kwa ganzi ya sehemu.

Sababu nzito zaidi ni kwamba hakuna mahali palipoandikwa kwa nini ulitolewa. Uvimbe usio na madhara, usiouma, usiokua, unaweza kuachwa maisha yote, na bima inalijua hilo vizuri. Ukitolewa bila sababu utaonekana ni wa urembo. Ndiyo maana maneno ya mbeba mizigo kuhusu gunia yana thamani: yanaonyesha uvimbe unamzuia kazi. Kwa mama anayebeba ndoo kichwani, kwa mshonaji anayeegemeza mkono kwenye cherehani, kwa mwendesha bodaboda mwenye uvimbe chini ya kamba ya kofia, sababu ipo. Iandikwe kama ilivyo. Ila usiibuni. Mgonjwa aliyetaka tu ngozi yake iwe laini kabla ya harusi aambiwe mapema kwamba huenda atalipa mwenyewe, kabla ya kulala kwenye meza.

Hatua ya nane: Baada ya kutolewa

Uvimbe uliotolewa uende maabara. Najua kwenye vituo vidogo hutupwa, kwa hoja kwamba "huu ni mafuta tu". Weka kwenye fomalini ya asilimia 10, yenye ujazo wa mara kumi ya kipande chenyewe, ndani ya chombo chenye mdomo mpana. Mdomo mwembamba huingiza kipande kikiwa laini na kukikataa kutoka kikishakuwa kigumu. Andika jina la mgonjwa, namba ya faili, mahali na upande kwenye chombo chenyewe, wala si kwenye mfuniko, maana mifuniko hubadilishana. Kama ndugu ndiye anayepeleka kichupa Bugando, mpe na fomu iliyojazwa kamili. Bila hiyo mtu wa maabara hajui kama anatazama bega au paja.

Majibu yakisema lipoma, umemaliza, na hospitali inayotunza misimbo ya patholojia huongeza M8850/0. Ile sifuri ya mwisho maana yake si saratani. Anjiolipoma ni M8861/0 na bado inabaki D17.

Majibu yakisema liposakoma, msimbo unahamia C49 kwa eneo: C49.1 mkono na bega, C49.2 mguu na nyonga, na kuendelea. Kama madai hayajapelekwa, subiri daktari arekebishe utambuzi, kisha uandike. Kama yameshakwenda, usifute wala kupaka rangi nyeupe juu ya cha zamani. Siku ile hayo ndiyo yaliyojulikana. C49 inaanza na hudhurio linalofuata, na hudhurio hilo lisingoje tarehe ya kliniki. Mgonjwa apigiwe simu.

Akirudi kutoa nyuzi, hana lipoma tena. Msimbo ni Z48.0. Kidonda kikitunga usaha ni T81.4, damu ikijikusanya chini yake ni T81.0. Nimeona mgonjwa mmoja kwenye mfumo akiwa na D17.1 kwa mahudhurio mfululizo, ilhali uvimbe ulitolewa kwenye hudhurio la kwanza; kwa takwimu huyo ni mtu mwenye ugonjwa sugu.

Uvimbe ukirudi pale pale miezi au miaka baadaye, D17 inarudi na tarakimu yake ile ile, lakini daktari aandike neno "umerudi" na tarehe ya upasuaji wa kwanza. Mtu wa kumbukumbu atoe faili la zamani na majibu ya patholojia, ayaweke juu kabisa, na mgonjwa aende ultrasaundi kabla ya kuguswa tena na kisu.